Mkia wa Mandazi

"Mzee, hiyo ni mbwa ama ni paka imevaa sweta?"

Aliyeuliza ni Mutembei, jirani wa mpakani, siku Mandazi alipofika kwa Salesio akiwa ndani ya kiondo, kichwa tu nje. Na swali lilikuwa la haki. Mbwa mwenyewe alikuwa mdogo kuliko jogoo wa hapo nyumbani, rangi ya mandazi yaliyozidi kidogo motoni, nywele zimemshukia machoni hata hujui anakutazama au amelala. Upande wa mama alikuwa na damu ya wale mbwa weupe wanaolala kwenye makochi ya watu. Upande wa baba hakuna aliyejua, labda mbwa wa buchani. Huko juu ya Runyenjes, kwenye mashamba ya kahawa na makadamia, mbwa ni mnyama wa kufungwa mnyororo chini ya ghala, anayekula ugali wa jana na kubweka kwa niaba ya mwenye boma. Salesio alikuwa amefuga wengi wa namna hiyo maishani, na wote aliwaita Simba. Mmoja akifa, anayefuata anarithi jina bila sherehe.

Huyu hakuwa Simba. Aliletwa na Beverlyne, binti ya Salesio, mwalimu wa shule ya msingi mjini Embu. Mwenye nyumba aliyokodi mtaani Majimbo alikuwa amepiga marufuku mbwa, na Makandi, mtoto wa Beverlyne wa miaka sita, alikuwa amelia mpaka akapandwa na homa. Ikabaki kwa guka, babu yake. Salesio humwita binti yake Mami, kwa sababu jina lake la nyumbani, Gatakaa, ni la mama yake Salesio, na mtoto aliyebeba jina la mama yako humnyimi kitu hivi hivi. Mzee alitazama kile kiondo, akakohoa, akasema kitalala jikoni.

"Anakula nini?" akauliza.

Beverlyne alivuta kigoda akakaa, na hapo mzee akajua jibu ni refu. Chakula kidogo asubuhi na kidogo jioni, tumbo lake ni kama kikombe. Kitunguu asionje, hata kilichopikwa. Chokoleti, hapana. Zabibu kavu, hapana. Mifupa ya kuku itamchoma koo. Dawa ya kupe ya ng'ombe asipakwe kamwe. Nywele zichanwe, la sivyo zitashikana na kumvuta ngozi, masikio yakaguliwe, na Julai, baridi ikishuka kutoka mlimani, apewe gunia la kulalia.

"Na nitajuaje akiwa mgonjwa? Simba akiugua huwa anaenda kujificha kwa kahawa."

"Mkia, Baba. Uangalie mkia. Huyu mkia yake hailalangi. Siku utaona imelala, unipigie, hata kama ni saa gani."

Salesio alifuata amri hizo kuliko alivyowahi kufuata za daktari wake. Tangu Regina, mkewe, afariki, alikuwa anajipikia mwenyewe, na kwa vile sufuria ilikuwa moja na tumbo la Mandazi halikutaka kitunguu, yeye pia akaacha kitunguu. Mzee wa miaka sabini akala githeri, mahindi na maharagwe yasiyokaangwa, miezi mitano kwa ajili ya mbwa. Akanunua kitana cha watoto sokoni, muuzaji akamuuliza kama amepata mjukuu mwingine, naye akajibu ndiyo ili mambo yaishe.

Mwanzoni aliona haya. Alipokwenda kiwanda cha kahawa Mandazi alimfuata unyounyo, na wanaume waliopanga foleni na magunia yao wakapata mchezo. Anabweka ama anapiga simu? Akikutana na panya nani anakimbia? Nywele hizo anasukwa Embu ama Nairobi? Lakini Salesio alikuwa mtu ambaye maishani hakuwa ameulizwa maswali mengi. Hakuwahi kuwa mwenyekiti wa chochote. Kanisani alikuwa mshika kapu la sadaka tu. Sasa kila alipopita kuna mtu anamsimamisha, na baada ya kucheka wale wale walirudi kuuliza kwa dhati. Hawa wadogo wanaishi miaka mingapi? Wanachanjwa kama hawa wetu? Kweli akilala ndani hataleta viroboto? Naye akawa anajibu. Alijibu yale aliyoambiwa na Beverlyne, na alipoishiwa na ya Beverlyne akajibu yake mwenyewe, kwa sauti ile ile, akishika kidevu. Ukizoea kujibu, ulimi unasahau njia ya kuuliza.

Tena alimpenda. Hili hakulisema kwa mtu, maana mwanaume wa kwao kumpenda mbwa ni kama kuogopa mvua. Lakini jioni alipokuwa akivua gambuti mlangoni, Mandazi alikuwa akimzunguka na ule mkia ukipiga ndoo, ukipiga kuni, ukipiga chochote kilichokuwa karibu, na nyumba iliyokuwa kimya tangu mazishi ya Regina ikawa na mlio wake tena.

Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, mnunuzi wa makadamia alikuja na pikapu. Njia yake ya kupima ilikuwa ya kawaida: anamwaga kokwa kwenye ndoo ya maji, zinazozama anachukua, zinazoelea ni changa, anakurudishia. Siku hiyo zilielea nyingi. Salesio alisema maji ni mabaya, mnunuzi akasema maji ni ya kisima chako, mzee. Pikapu ikaondoka, na Salesio akabaki na debe la kokwa alizolea mwaka mzima na kuambiwa hazifai.

Akaketi barazani na nyundo na jiwe lenye kishimo. Wasiozitaka wasizile, nyumba hii itazila. Akapasua moja akatia mdomoni. Tamu, imejaa mafuta, sasa ubaya wake uko wapi? Mandazi alikuwa amekaa mbele yake, kichwa upande, mkia ukifagia sakafu. Akapasua nyingine akamrushia. Mbwa akaidaka kabla haijagusa chini.

Makandi, aliyekuwa amekuja kulala kwa guka wikendi hiyo kama kawaida yake, aliacha kuruka kamba akaja kusimama karibu.

"Guka, Mum alisema anaweza kula hizo?"

"Mum yako alisema kitunguu," Salesio alijibu, bado ana hasira na mnunuzi. "Hii ni kitunguu?"

"Hapana."

"Ni zabibu?"

"Hapana, guka."

"Basi. Hii imetoka kwa shamba yetu. Haiwezi dhuru mtu wetu."

Mtoto akacheka, akarudi kwenye kamba. Na mzee akaendelea: moja yangu, moja yako, moja yangu, moja yako, mpaka hasira ikatulia na chini ya kigoda pakajaa maganda. Mbwa wa kilo nne alikula sawa na mtu mzima.

Ili uelewe kilichotokea asubuhi yake, yafaa umjue Mutegi. Mutegi alikuwa binamu ya Salesio, wakichunga mbuzi pamoja huko chini kwenye nchi kavu ya Mbeere walipokuwa wavulana. Kijibwa kisicho na mwenyewe kilimng'ata kidoleni, jeraha dogo, wakalipaka majani wakalisahau. Wiki kadhaa baadaye Mutegi alishindwa kumeza maji. Aliyaona tu kwenye kibuyu akapiga kelele. Wazee walimfunga kwa kamba ndani ya kibanda, na Salesio, aliyekuwa amekatazwa kusogea, alisikia kila kitu kutoka nyuma ya ua hadi sauti ilipokwisha. Katika maisha yake yote alikuwa amezika wengi, na hakuna kifo kingine alichokiogopa kama hicho cha kichaa cha mbwa.

Jumapili alitoka zizini na maziwa akakuta matapishi mlangoni mwa jikoni. Mandazi alikuwa uani. Mbele alikuwa amesimama, nyuma alikuwa chini, miguu ya nyuma ikiburutwa kama si yake. Mwili ulikuwa unatetemeka. Mdomoni alikuwa na povu. Na Makandi alikuwa amepiga magoti kando yake, anampangusa lile povu kwa kiganja, kiganja ambacho Salesio alijua kina mikwaruzo, maana jana tu walikuwa wamekata nyasi za ng'ombe, zile za nepia, pamoja.

Maziwa yalimwagika. Alimnyakua mtoto mkono mmoja akamrusha nyuma yake, akamburuta hadi kwenye pipa la maji, akamsugua mikono kwa kipande cha sabuni hadi mtoto akalia. Alipogeuka, Mandazi alikuwa anakuja. Alikuwa anajivuta kwa miguu ya mbele, shibiri kwa shibiri, kuelekea kwao. Na nyuma ya miguu ile iliyokufa, mkia ulikuwa unakwenda huku na huku, ukifagia vumbi.

Salesio aliuona. Tuliandike wazi, kwa sababu yeye mwenyewe alikaa siku nyingi bila kuliambia hata ukuta: aliuona mkia, na alikumbuka aliloambiwa juu ya mkia, na simu ilikuwa mfukoni mwa shati.

Hakumpigia Beverlyne. Alimpigia Mutembei.

Makandi alikabidhiwa kwa akina mama waliokuwa wakipita kwenda misa, akaambiwa Mandazi anapelekwa kwa daktari. Mutembei akaja na mpini wa jembe. Alimtazama mbwa, akamtazama mzee.

"Mzee, uko na uhakika?"

"Niko na uhakika."

"Hatuwezi mfunga tu hapo kwa mti tuone?"

"Wewe umewahi ona mtu akifa na hiyo kitu? Mimi nimeona. Maliza."

Akaingia ndani, akafungua redio, nyimbo za kwaya, akaongeza sauti hadi mwisho. Mandazi alizikwa kando ya nepia.

Baada ya hapo ndipo alipompigia Beverlyne, naye akafika kabla ya saa sita kwa pikipiki, bila hata kitambaa kichwani. Baba yake alimweleza: povu, miguu, mtoto alimshika mdomo akiwa na mikwaruzo. Beverlyne akakaa chini pale pale uani.

"Ni mimi," akasema. "Baba, ni mimi. Chanjo yake ilikuwa ifanywe mwaka jana, nikasema mwezi ujao, mwezi ujao, hadi nikasahau. Mwalimu mzima."

Salesio alimwinua. Wakati huo aliamini kabisa kwamba amefanya lililopasa, kwa hiyo alimfariji kama mtu asiye na doa. Alisema Mungu amemwokoa mtoto. Mchana huo huo Makandi alipelekwa hospitali mjini, akadungwa sindano ya kwanza, wakaambiwa zingine zitafuata mpaka zitimie. Na Jumapili iliyofuata, misa ilipokwisha, wanaume wale wale wa kiwanda cha kahawa walimpa mkono mmoja mmoja. Mzee hakusitasita, walisema. Mzee ameokoa damu yake. Salesio alipokea mikono hiyo yote. Ningetaka kusema kwamba moyo ulimchoma hata kidogo, lakini haukumchoma. Aliona raha.

Jumatatu yake alikwenda Runyenjes kununua chumvi ya ng'ombe. Mwenye duka la dawa za mifugo ni Kathambi, mama wa makamo aliyesomea afya ya wanyama na aliyezoea kuzalisha ng'ombe wa watu wote wa upande ule.

"Pole, mzee. Nilisikia mambo ya kale ka Mandazi. Kaliuma mtu?"

"Hakakuwa kamefika huko."

"Kalikataa maji?"

Salesio alifungua mdomo kujibu, akakumbuka. Asubuhi ile, kabla Mutembei hajafika, Mandazi alikuwa amejivuta hadi kwenye sahani ya kuku akanywa maji, akanywa mengi.

"Kalikunywa," akasema.

"Sauti ilibadilika?"

"Hapana."

"Kwa hivyo ni miguu tu."

"Ya nyuma. Na kutetemeka. Na kutapika, ndio ile povu."

Kathambi aliweka chini pakiti ya chumvi. "Jana yake kalikula nini?"

Salesio akakumbuka kokwa za Jumamosi. Alimwambia. Kathambi akauliza ngapi, akasema hakuhesabu, alikuwa akimpasulia tu.

"Makadamia ni sumu kwa mbwa, mzee. Sisi tunakula tunanenepa, yeye inamshika miguu ya nyuma. Anatetemeka, anatapika, hasimami. Nimeona hapa mara nyingi wakati wa mavuno."

"Halafu anakufa?"

"Hapana." Alisema polepole, kwa sababu alikuwa ameshaona uso wa mzee. "Mara nyingi hafi. Unampatia maji, unamwacha mahali pa joto. Kesho yake, kesho kutwa, anasimama mwenyewe. Sisemi ilikuwa hiyo kwa uhakika, mzee, mimi sikumwona. Labda."

Salesio alitoka dukani akiacha chumvi juu ya meza. Alitembea hadi nyumbani, na njia nzima neno lililomfuata halikuwa sumu. Lilikuwa anasimama.

Mtu mwenye hatia ni wakili hodari, na Salesio alijitetea vizuri. Kathambi mwenyewe alisema labda. Sindano hazidhuru mtoto. Mbwa amekwisha kufa, ukweli hautamfufua. Na ni nani aliyewahi kusikia makadamia ni sumu? Hata Beverlyne hakulitaja. Alijitetea mchana shambani na jioni mbele ya moto, na kila mara alishinda kesi, halafu anaweka sufuria motoni, mkono unakwenda kwenye kitunguu, na unarudi wenyewe bila kukigusa. Hakuna mbwa wa kukatazwa kitunguu tena. Alikula githeri yake bila kitunguu na machozi yalimtoka hata hivyo, mzee mzima, akalaani moshi.

Waswahili wanasema majuto ni mjukuu. Kwa Salesio msemo huo ulikuwa na miaka sita na uliitwa Makandi. Mtoto alikuwa ameacha kula mandazi; ukimpa anayatazama kisha anayarudisha kwenye sahani. Na kila jioni Beverlyne alikuwa akipiga simu, na kila jioni, baada ya salamu na habari za ng'ombe, wimbo ulikuwa ule ule. Ningemchanja tu, Baba. Ningemchanja angekuwa hapa. Mtoto wangu anadungwa kwa sababu ya uvivu yangu. Salesio alishika simu akasikiliza binti yake akijipiga kwa fimbo ambayo ilikuwa yake yeye. Alisema, "Wacha hiyo maneno, Mami." Hakusema zaidi. Mchuma janga hula na wa kwao. Lakini huyu alichuma peke yake akawaachia wengine sahani yote.

Mutembei naye hakuwa akipita tena uani kwa mkato. Siku moja walikutana kwenye mto, na Salesio akamwambia habari ya makadamia, kwa majaribio, kama mtu anayetia kidole maji kabla ya kuoga.

"Mzee, mimi nilikuuliza," Mutembei akasema. "Nilikuuliza kama uko na uhakika." Akabeba mtungi wake akaenda.

Sindano iliyofuata Salesio alikwenda nao tena. Alikuwa amekwenda hata kwa zilizotangulia, kwa sababu Makandi alikubali kudungwa kwa sharti moja tu, kwamba guka amshike mkono. Walikaa kwenye benchi ndefu ya mbao hospitalini, watu wengi, Makandi katikati akichezea kifungo cha koti la babu yake. Salesio alikuwa amepanga jambo moja. Kama ukweli ungeweza kusimamisha sindano, angeusema. Muuguzi alipopita akamfuata hadi kwenye kona.

"Dada, kama hiyo mbwa haikuwa na kichaa, hizi sindano zinaweza wachwa?"

"Mbwa iko wapi?"

"Tulizika."

"Kichwa ilipimwa?"

"Hapana."

"Basi hakuna mtu anaweza kujua, mzee. Tunaendelea hadi mwisho." Alikuwa na haraka lakini alimwonea huruma. "Mngeifunga tu mahali, mkaiangalia siku kumi. Ikiwa bado hai, tunajua haikuwa na kitu."

Salesio alirudi kwenye benchi. Na hapo, angalia mambo, shetani alimvutia kiti kizuri. Ukweli haukuwa na kazi tena. Usiposimamisha sindano utasimamisha nini? Angeweza kukaa nao hadi kaburini, na hakuna mtu ambaye angepungukiwa na kitu. Alikaa. Alipumua.

"Guka," Makandi akasema, bado anazungusha kifungo, "Mum anasema Mandazi alikufa juu yeye alisahau sindano yake. Ndio maana sasa mimi nadungwa zangu na zake."

Beverlyne alikuwa anatazama ukuta. Hakumkanya mtoto. Alikuwa amekonda, mzee aliona sasa, mifupa ya shingo imetokeza kama ya mama yake Salesio ule mwaka wa mwisho wa uhai wake.

"Mami," Salesio akasema. "Si wewe."

"Baba, tafadhali."

"Si wewe. Ni mimi nilimpa makadamia. Jana yake, tulizila moja yangu moja yake, mimi na yeye. Kathambi wa dawa ameniambia hiyo ndiyo inashika mbwa miguu. Imeniambia, ameniambia..." Ulimi ulijikwaa, akaanza tena. "Ameniambia angesimama. Kesho yake angesimama. Najua tangu ile Jumatatu na nimekuwa nikikunyamazia."

Watu wa benchi walitazama miguu yao. Makandi aliacha kifungo.

"Ile mimi nilikuuliza, guka?" akasema. "Ile ulisema si kitunguu?"

"Ndiyo. Ile uliniuliza."

Beverlyne alipoongea, sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimtisha baba yake kuliko hasira.

"Makadamia hata mimi sikujua, Baba. Hiyo singekulaumu. Hiyo hata mimi ningempa." Alimgeukia, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu wafike. "Nataka kuuliza kitu moja tu. Mkia."

Salesio alijua swali hilo lingekuja siku moja. Kwa miezi mitano alikuwa amejibu kila mtu aliyemsimamisha njiani, yale anayojua na yale asiyojua, na hakuwahi kukosa jibu. Hili ndilo pekee alilolijua bila shaka yoyote, na ndilo pekee ambalo angetoa shamba asiliseme.

"Ilikuwa imelala?" Beverlyne akauliza.

"Hapana."

"Ilikuwa inatikisika."

"Ilikuwa inatikisika," Salesio akasema. "Alikuwa anakuja kwetu, akiitikisa. Niliona, Mami. Simu ilikuwa kwa mfuko. Niliona na nikaita Mutembei."

Beverlyne alifunika mdomo kwa mkono. Kisha akamshika Makandi kwapani, akamwinua kutoka katikati yao, akamkalisha upande wake wa pili, mbali na mzee. Pale alipokuwa mtoto pakabaki mbao tupu, na Salesio hakuwa na haki ya kusogea kuziba nafasi hiyo. Aliweka mikono yake juu ya magoti akaitazama. Bado ilikuwa na weusi wa maganda ya makadamia kwenye kucha, ule usiotoka kwa sabuni.

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akaita jina la Makandi.

Mtoto alishuka kwenye benchi. Alimtazama mama yake, kisha akapita mbele ya magoti yake, akaja kusimama mbele ya babu, akanyoosha mkono kama alivyofanya zile nyakati zingine. Machozi yalikuwa yameshaanza.

"Guka, unanishika?"

Salesio hakuuchukua mkono ule. Alimtazama binti yake, akangoja, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuingia nyumba ambayo zamani ilikuwa yake.

Beverlyne alikuwa anatazama sakafu.

"Mshike, Baba," akasema. "Mshike hadi ziishe zote."